Kabla hujamwaga makombo kwenye bakuli la mbwa

Mbwa wa nyumba nyingi za huku kwetu hakijui chakula cha mifuko. Anakula ugali wa jana, ukoko wa wali, mchuzi uliobaki kwenye sufuria, vipande vya utumbo kutoka buchani na vichwa vya dagaa. Chakula hicho kinaweza kumfikisha uzeeni bila shida, na kinaweza kumuua ndani ya wiki moja. Inategemea kilichoingia kwenye sufuria. Orodha nyingi za vyakula vya hatari huanza na chokoleti. Tutaifikia, lakini kwenye nyumba yenye gunia la unga stoo na kikaango cha vitunguu kila jioni, hatari zinafuatana kwa mpangilio mwingine.

Kitunguu kilichoyeyukia kwenye mchuzi

Kitunguu maji, kitunguu saumu na vitunguu vya majani ni ukoo mmoja. Vina kemikali za salfa ambazo mwili wa binadamu unazimudu, ila kwa mbwa zinashambulia chembe nyekundu za damu mpaka zinapasuka. Kupika hakuondoi sumu hiyo, kukausha ndiyo kabisa: vitunguu vya unga na viungo vya mchuzi vya pakiti ni vikali zaidi kwa gramu kwa sababu maji yameshatoka.

Mbwa huanza kudhurika akila kitunguu kinachofikia nusu asilimia ya uzito wake, yaani gramu 5 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji gramu 50 tu, kitunguu kimoja kidogo. Kitunguu saumu kina nguvu mara 3 hadi 5 zaidi. Na si lazima avile kwa mkupuo. Mbwa anayekomba sufuria ya rosti kila usiku anaharibu damu kidogo kidogo, na mwenyewe utaona amepoa tu, hana tena hamu ya kubweka.

Kinachowapoteza watu ni kwamba madhara huchelewa. Siku ya kwanza anaweza kutapika kidogo au asionyeshe chochote. Siku ya 3 hadi ya 5 ndipo anapolala mchana kutwa, anahema bila kukimbia, na mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Mpime hivi: inua mdomo wake wa juu, tazama fizi juu ya jino la chonge. Fizi nzima ni ya waridi na ina unyevu. Ibonyeze kwa kidole mpaka iwe nyeupe, kisha achia. Rangi inatakiwa irudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Fizi iliyo nyeupe kama karatasi hata kabla ya kubonyezwa ni safari ya kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. (Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili, vuta kope la chini utazame wekundu wa ndani.) Ukifika, taja kitunguu wewe mwenyewe. Fizi nyeupe na mkojo mweusi ni dalili za homa ya kupe pia, na katika nchi zetu daktari yeyote ataanzia kwenye kupe.

Kuchambua vipande vya kitunguu kutoka kwenye mchuzi hakusaidii kitu, maji yake yameshaingia kwenye nyama. Njia ya uhakika ni kubadili mpangilio wa kupika: nyama ikishachemka na kuiva kwa maji matupu, chota sehemu ya mbwa weka pembeni, ndipo ukaange kitunguu, saumu na nyanya kwa ajili ya watu. Inaongeza dakika moja tu kwenye mapishi.

Unga uliooza si chakula cha mbwa

Unga ukiota ukungu, au mahindi yakinyeshewa, mtu husema usitupe, apewe mbwa. Hii ndiyo tabia mbaya kuliko zote kwenye ulishaji wa mbwa. Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliugulisha watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa yuko miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo upesi, na tofauti na sisi, yeye anakula chakula kilekile asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Sumukuvu haina rangi wala ladha, na joto la kusonga ugali haliimalizi. Ukikwangua ukungu unatoa kile kinachoonekana, sumu inabaki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuhusu pumba. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu huondoka na ganda la nje na kiini, kwa hiyo sembe huwa na afadhali na pumba ndizo zinazobeba mzigo. Halafu pumba hizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini na kusongwa ugali wa mbwa. Ukilazimika kutumia pumba, nunua kwenye mashine unayoijua, za mahindi yaliyokobolewa wiki hiyo, na usizikalishe.

Mahindi ya kuhifadhi yapime unyevu kwa chumvi. Chukua chupa ya glasi kavu kabisa, tia mahindi mpaka yafike robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayajawa tayari kuingia stoo. Ikishuka yote chini na kuta zikabaki safi, yamekauka. Gunia liweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Kama unanunua unga, chukua wa wiki mbili, si wa miezi mitatu.

Mbwa aliyekula sumukuvu huanza kwa kususa chakula na kutapika. Baadaye weupe wa macho unakuwa wa manjano, choo kinakuwa cheusi kama lami, wengine tumbo linajaa maji. Manjano yakishaonekana, ini limeshaharibika sana. Karanga zilizosinyaa, chungu au zenye vumbi la kijani ziingize kwenye kapu hilohilo la kutupwa, na usizitupe mahali mbwa anapofika.

Mfupa, gunzi, kokwa na kijiti cha mshikaki

Hivi havina sumu. Vinaua kwa kukwama au kutoboa.

Mfupa uliopikwa hukauka na ukitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha. Wa kuku ndio mbaya zaidi kwa sababu ni mwembamba na una uwazi ndani. Kwamba mbwa wako amekula mifupa ya kuku miaka mitano bila shida ni kweli, na kuna watu huvuka barabara bila kutazama miaka mitano. Mfupa mbichi haupasuki hivyo, ila una vimelea na ule mgumu wa mguu wa ng'ombe huvunja meno. Ukitaka atafune kitu, mpe karoti nzima mbichi.

Gunzi la mahindi ya kuchoma linapuuzwa kuliko yote. Mbwa anapenda utamu wake, analikata vipande viwili na kumeza. Tumboni haliyeyuki, linaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kushuka na kuziba utumbo mwembamba, na kwenye picha ya eksirei halionekani vizuri. Kokwa ya embe na ya parachichi hufanya vivyo hivyo. Kijiti cha mshikaki ndicho cha kuogopwa zaidi: kimelowa mafuta ya nyama, mbwa anakimeza kizima, kinatoboa tumbo kikielekea ini au mapafu. Mkila mishikaki, hesabu vijiti kabla ya kuondoa sahani.

Dalili za kuziba ni kutapika kila anachokula hata maji, kukosa choo, tumbo gumu, na kusimama kwa namna ya ajabu: kifua kimelala chini, kiuno kimebaki juu. Usimpe mkate au ugali mkavu eti usukume. Kinachosukumwa na ugali kinakwama mbele zaidi.

Utumbo, mapafu na maini kutoka machinjioni

Ni protini nzuri na rahisi, kwa sharti moja: ipikwe. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji, vyeupe, vya ukubwa wa punje ya njegere hadi yai na zaidi. Ndani yake mna vichanga vya tegu mdogo. Mbwa akivila vibichi, tegu anakomaa tumboni mwake na mbwa haonyeshi ugonjwa wowote. Mayai yanatoka na kinyesi, yanafika kwenye mikono ya watoto, na miaka baadaye mtu anaota kifuko kama kile kwenye ini lake. Turkana ni mojawapo ya sehemu zilizoathirika sana duniani, na jamii za wafugaji wa Kimaasai pande zote mbili za mpaka wanaufahamu ugonjwa huu.

Nyama yenye vifuko ifukie au ichome. Vinginevyo, chemsha maini na mapafu dakika 30 tangu maji yaanze kutokota, yakiwa yamekatwa vipande. Mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ile ya minyoo ya kawaida haimgusi tegu huyu. Maini yenyewe, hata yasiyo na vifuko, yasizidi sehemu moja kati ya ishirini ya chakula, kwa kuwa vitamini A ikizidi kwa miezi mingi hukakamaza mifupa ya shingo.

Zabibu, na ndugu yake asiyetajwa

Zabibu mbichi au kavu huharibu figo za mbwa. Mmoja anakula kumi asidhurike, mwingine anakula chache na baada ya siku mbili hakojoi tena. Ndiyo maana hakuna kiasi kinachoruhusiwa. Mashamba ya Dodoma yana mbwa walinzi wanaolala chini ya mizabibu. Zabibu zilizodondoka zinafaa kuokotwa. Mjini, zabibu kavu humfikia mbwa kupitia biriani na keki.

Sababu ilikuwa fumbo mpaka mwaka 2021, wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walipoitaja asidi ya tartari. Fununu waliipata kwa mbwa aliyekula unga wa kuchezea wa watoto, uliotengenezwa nyumbani kwa chumvi ya asidi hiyo, akaharibika figo kwa namna ileile ya zabibu. Mwaka uliofuata wakaeleza pia mbwa waliokula ukwaju. Ukwaju una asidi ya tartari kuliko karibu tunda lolote lingine, na pwani uko kila jiko: juisi, achari, rojo la mishikaki, mchuzi wa samaki. Uhesabu ukwaju pamoja na zabibu. Makapi ya ukwaju uliokamuliwa, matamu kwa sukari, usiyatupe uani.

Vya dukani

Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole. Mbwa wa kilo 10 ataanza kutapika na kuhangaika kwa takriban gramu 100 za chokoleti ya maziwa, lakini kwa unga wa kakao mweusi wa kuokea zinatosha gramu 10, vijiko viwili vya chakula visivyojaa. Ikizidi, moyo unakwenda mbio na degedege linafuata. Kahawa na majani ya chai ni jamaa zake. Chujio la chai lenye majani yenye sukari lisikung'utwe uani.

Zailitoli ni sukari mbadala ya kwenye bigijii zisizo na sukari, dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga. Gramu 0.1 tu kwa kila kilo ya mbwa inashusha sukari ya damu ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja: anayumba kama mlevi, anaanguka. Ikifika gramu 0.5 kwa kilo, ini linaweza kufa. Kwenye lebo tafuta xylitol au E967.

Makadamia, zinazolimwa sana Murang'a, Embu na Meru, humlegeza mbwa miguu ya nyuma na kumtetemesha. Wengi hupona ndani ya siku mbili. Unga wa maandazi wenye hamira ukiliwa mbichi huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe, na machicha ya pombe ya kienyeji bado yana kilevi. Muhogo usimpe mbichi wala maganda yake, kuna sianidi. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi, la. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, akitupwa ufukweni ana sumu isiyokufa hata kwa moto. Mbwa wa wavuvi humkwepa mara nyingi, mbwa wa wageni hapana. Mabaki ya sikukuu, ngozi ya kuku, mafuta ya mbuzi choma, huwasha kongosho: mbwa anatapika siku mbili na kushika tumbo kwa maumivu.

Maziwa si sumu, yanaharisha tu mbwa wazima wengi. Mtindi unakaa vizuri zaidi. Yai lipike. Embe, papai, ndizi, tikiti maji, boga, kiazi kitamu kilichochemshwa na karoti ni salama, bila kokwa wala mbegu.

Bakuli la siku moja

Mbwa mzima wa kilo 20, asiye mnene, anayelinda usiku na kutembea kiasi, anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Gramu 150 za sembe, gramu 100 za dagaa wakavu wasio na chumvi, gramu 100 za boga au karoti na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula vinafika hapo.

Dagaa waloweke dakika kumi, waoshe maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, kisha chemsha dakika 15 na mboga. Hapo watoe, songa ugali kwenye supu yao. Uive sawasawa: ugali mbichi katikati hujaza gesi na kuharisha. Changanya vyote, tia mafuta, acha upoe mpaka uweze kushika kwa kiganja, gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Chumvi usitie.

Dagaa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalisiamu imo. Ukibadilisha kwa gramu 200 za nyama au utumbo, kalisiamu haimo, na hapa ndipo watoto wa mbwa wakubwa, wale wa Kijerumani hasa, wanapopinda miguu kwa kulishwa nyama na ugali pekee. Osha maganda ya mayai, yakaushe kikaangoni, yasage yawe vumbi. Kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, kwa siku kwa mbwa wa kilo 20. Mtoto wa mbwa na jike mwenye mimba wanahitaji zaidi ya bakuli hili, hivyo mwulize daktari mchanganyiko wa madini na vitamini unaofaa.

Kila wiki mbili pitisha vidole ubavuni. Mbavu ziguswe kirahisi bila kuonekana kwa macho. Zikijificha, punguza sembe, si dagaa.

Akishakula kitu kibaya

Usisubiri dalili. Kwa zabibu, ukwaju, chokoleti na zailitoli, saa mbili za mwanzo ndizo ambazo daktari anaweza kumtapisha kukawa na faida. Usimtapishe mwenyewe kwa chumvi: gramu 4 kwa kila kilo zinaua, na kijiko cha chakula kina gramu 15 au zaidi, kwa hiyo kwa vijiko viwili tu mbwa wa kilo 5 unaweza kumuua kwa dawa badala ya sumu. Usimpe maziwa, hayazuii sumu hata moja kati ya hizi, na mafuta ya kula hayafai pia, maana mbwa akipaliwa yanaingia mapafuni. Kijiti, mfupa au chochote chenye ncha, kutapisha ni marufuku kabisa.

Mbwa aliyekula zailitoli akianza kuyumba, mpake asali au sukari iliyolowekwa kwenye fizi mkiwa njiani. Akiwa amezimia, usimwagie kitu mdomoni.

Nenda na pakiti au mabaki ya alichokula, na kama ametapika, chukua matapishi kwenye mfuko. Daktari atakuuliza mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi. La mwisho ndilo watu hulikosa. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, shuka umwache, panda tena peke yako, toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka, mizani ya kupimia magunia dukani inamtosha. Andika namba hiyo nyuma ya mlango wa stoo leo, pamoja na simu ya daktari wa mifugo anayepokea usiku.